Wangapi Kati ya Wangapi

3 Machi

Mdogo wangu,

Shangazi ameniambia, tena kwa furaha ambayo mpaka sasa sijaielewa, kwamba umeacha wodi ya wazazi na umerudi kukaa kwenye dawati ili usome epidemiolojia, eti elimu ya kuhesabu wagonjwa. Nilimwomba alitaje neno hilo mara mbili. Mara zote mbili lilimshinda, na mimi nikaona ulimi wake una akili kuliko wewe.

Ulikuwa mkunga mzuri, nasema hivi bila kukupaka mafuta. Mkunga anapokea mtoto, mtoto analia, kila mtu anaona kazi imefanyika. Sasa wewe utapokea nini? Karatasi? Somo hilo na mimi nilisomeshwa mwaka wa tatu. Lilikuwa saa nane mchana, baada ya chakula, na darasa zima lililala mpaka mwalimu akafunga kitabu chake akaondoka. Sijawahi kukutana na mgonjwa aliyedhurika kwa usingizi wangu ule.

Huku sisi tuna matatizo ya kweli. Tangu mwezi wa kumi na mbili vidonda vya upasuaji vinaoza. Mtu unampasua ngiri, unamshona mshono wa kupendeza, siku ya nne kidonda kimevimba na usaha unachuruzika. Mpaka mwisho wa mwezi wa pili wamefika kumi na wawili. Na bila kukaa darasani hata dakika moja nimeshampata mwenye kosa. Katika hao kumi na wawili, tisa walilala Wodi ya Chini, kwa yule Sista wanayemwita Chuma. Watatu tu ndio walilala Wodi ya Juu. Tisa kwa watatu! Kwisha habari. Wiki ijayo namfikisha kwenye kamati ya hospitali, akajieleze jinsi anavyosafisha vidonda vya watu.

Barua hii anakuletea dereva wa gari la wagonjwa. Kila Jumanne anapeleka sampuli maabara kuu, na maabara iko ukuta mmoja na chuo chako. Ukitaka kujibu mpe yeye. Simu usinipigie, siku hizi ukipiga unahutubia.

Kaka yako,
Daktari Bingwa wa Upasuaji


10 Machi

Kaka,

Umehesabu mpaka tisa. Hongera sana. Watoto wa chekechea wanafika ishirini, lakini wao hawana shughuli nyingi kama wewe.

Ngoja nikusimulie lile ulilolala. Siku yetu ya pili aliingia mwalimu, mama mfupi mwenye raba miguuni, akaandika ubaoni: mtaa wa kwanza wameharisha watu thelathini, mtaa wa pili wameharisha kumi. Upi una hatari zaidi? Darasa zima tukapiga kelele: wa kwanza! Akatuangalia kama tumemtapikia viatu. Akauliza, "Mtaa wa kwanza unakaliwa na watu wangapi?" Tukaanza kupekua madaftari. Kumbe wa kwanza wanakaa elfu tatu, na wa pili wanakaa mia moja. Akasema, "Mtu akikwambia wangapi wameugua, asipokwambia kati ya wangapi, hajakwambia kitu. Amepiga domo."

Kwa hiyo, Daktari Bingwa, hao tisa ni kati ya wagonjwa wangapi waliolala Wodi ya Chini? Na hao watatu ni kati ya wangapi wa Wodi ya Juu? Ukiwa hujui, basi na wewe umepiga domo, isipokuwa domo lako litamfukuzisha mtu kazi.

Swali la pili. Kuoza ni nini? Usicheke. Kabla ya kuhesabu tunaandika kwanza nani ahesabiwe na nani asihesabiwe, na hatubadilishi katikati. Kidonda chekundu tu, unakihesabu? Chenye usaha siku ya ishirini, akiwa ameshakwenda nyumbani? Au unahesabu wale waliokuudhi?

Nina zoezi la muhula. Nitumie nakala ya rejista ya upasuaji, Desemba mpaka Februari, watu wote, waliooza na waliopona. Hasa waliopona. Najua wewe hukumbuki wagonjwa waliopona, unakumbuka sifa tu.

Mdogo wako,
Mkunga


18 Machi

Mdogo wangu,

Rejista hiyo hapo. Karani ametoa nakala kurasa zote, na amelalamika wino. Ni watu mia moja na sitini. Cheza nayo, ipake rangi, upate maksi zako.

Kuoza ni usaha kwenye mshono, au mshono kufumuka wenyewe, ndani ya siku thelathini. Umeridhika? Hiyo ndiyo maana ambayo kila daktari anaijua bila kuiandika.

Kwa faida yako tu, mambo yameshakwenda mbele. Chuma amesimamishwa. Alisimama mbele ya kamati, mikono nyuma kama askari, akaulizwa ana la kusema, akasema, "Ninalo, lakini hapa hakuna wa kumwambia." Kiburi gani hicho! Miaka ishirini na sita kwenye wodi, hajifunzi adabu. Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali, alitaka kusubiri, nikamwambia kila siku anayosubiri ni kidonda kingine.

Habari nyingine ni ya Shangazi. Ile ngiri ya kitovu imeanza kumbana, hawezi hata kuinua ndoo. Nimempangia tarehe 24 Aprili. Nitampasua mwenyewe. Yule Mzee wa Miwani, mwenzangu, alijitolea, nikamwambia asihangaike. Mtu aliyetulea sisi wawili tangu Baba alipofariki hawezi kuguswa na mikono inayotetemeka, inayotumia saa mbili kwa kazi ya dakika arobaini.

Kaka yako,
D.B.U.


2 Aprili

Kaka,

Wodi ya Chini walilala watu mia moja na ishirini. Wakaoza tisa. Wodi ya Juu walilala arobaini. Wakaoza watatu. Gawa mwenyewe. Ukishindwa, usimwite karani, nitakusaidia: kila wodi, katika kila watu arobaini, watatu. Sawasawa, hakuna iliyozidi hata kwa unywele. Wodi ya Chini ina vidonda vingi kwa sababu ina watu wengi, basi. Umemsimamisha mwanamke wa watu kwa kosa la kuwa na vitanda.

Naomba umpelekee mganga mfawidhi karatasi niliyoambatanisha. Nimeiandika kwa lugha nyepesi, hata kamati yenu itaielewa.

Rejista nimeipanga kwa njia nyingine pia, lakini hiyo bado. Naomba kwanza unijibu haya. Wewe na Mzee wa Miwani mnagawanaje wagonjwa? Nani anapata kazi chafu, matumbo yaliyotoboka, majipu, ajali? Nani anapata kazi safi? Na wewe mwenyewe, afya yako ikoje tangu mwezi wa kumi na mbili? Mafua, vipele, kidonda chochote?

Mdogo wako,
Mkunga


10 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeguswa kwamba katikati ya hesabu zako umekumbuka kuuliza afya ya kaka yako. Mimi mzima kama chuma cha reli. Shangazi atafurahi kusikia kwamba shule haijakutoa utu wote.

Karatasi yako sikuipeleka. Kamati ikishaamua imeamua, siwezi kurudi mbele ya wanaume wazima na kuwaambia mdogo wangu amefanya zoezi la shule. Isitoshe nilichungulia nikaona mistari na masanduku, nikakumbuka ile saa nane mchana.

Kuhusu mgawanyo: mimi kazi zangu nyingi ni safi. Ngiri, matezi, uvimbe. Uchafu mwingi anapelekewa Mzee wa Miwani, ndivyo alivyozoea, na hana haraka. Kama unatafuta mtu wa kuozesha, anza kwake. Nilitaka kukwambia tangu mwanzo, ila heshima ya kazi ilinizuia.

Na nikufundishe kitu kimoja ambacho rejista haiwezi. Unaposimama juu ya mtu aliyelala, hakuna kati ya wangapi. Yupo huyo mmoja tu.

Kaka yako,
D.B.U.


14 Aprili

Kwako mdogo wa Daktari,

Dereva ameniambia kuwa huko mjini kuna mwanamke anauliza kuhusu wodi yangu. Nikamuuliza ni nani, akasema ni mdogo wake Daktari. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nimesimamishwa na kaka mtu, sasa nachunguzwa na dada mtu. Ukoo wenu unapenda kazi.

Dereva akasema lakini huyu anasema Sista hana kosa, ameonyesha kwa hesabu. Mwanangu, asante, ila mimi sikuhitaji hesabu kujua kwamba sina kosa. Nilihitaji mtu mmoja aniulize. Wewe una barua ngapi zimepita kwenye mikono ya dereva huyu, na hujaniandikia hata mstari?

Haya, sikiliza. Mimi sikwenda chuo chenu, lakini nina daftari. Kila anayepasuliwa na kuja kwangu naandika tarehe, nani kampasua, kidonda siku ya tatu, ya tano, ya kumi. Naandika kwa sababu madaktari husahau na mimi ndiye ninayeulizwa. Mwezi wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja, kaka yako aliozesha mtu mmoja. Mmoja. Mwezi wa kumi na mbili ndipo mambo yalipochafuka, na katika wodi yangu waliooza wote tisa ni wake. Mzee wa Miwani hana hata mmoja kwangu.

Na mwezi wa kumi na mbili ndipo kidole gumba chake cha kulia kilipoanza. Pembeni ya kucha pamevimba, ukipabonyeza panatoa usaha. Anafunga plasta, anavaa glavu mbili, anaingia. Glavu zinatoboka, mwanangu, sindano inazitoboa na mwenyewe hajui. Nilimfuata ofisini kwake, nikafunga mlango ili nisimwaibishe, nikamwambia, "Daktari, pumzika mpaka hicho kidole kipone, na tukipime." Unajua alinijibu nini? "Sista, kazi yako ni kutandika vitanda." Mwezi wa tatu nikajikuta mbele ya kamati.

Daftari ninalo nyumbani, wamesahau kuninyang'anya kwa sababu hawakujua kama lina maana. Nimekunakilia kurasa. Ila harakisha kidogo. Nimesikia tarehe ishirini na nne anampasua shangazi yenu.

Muuguzi Mkuu wa Wodi ya Chini (mpaka sasa)


17 Aprili

Kaka,

Sipambi. Nimemwomba dereva arudi na barua hii leo hii na akupe mkononi.

Rejista nimeipanga kwa aliyeshika kisu. Wewe umepasua watu themanini, wameoza kumi na mmoja. Mzee wa Miwani, mwenye mikono inayotetemeka, kapasua themanini, kaoza mmoja. Hatari ya kuoza mikononi mwako ni mara kumi na moja.

Najua utasema pengine ni wagonjwa, si mimi. Ndiyo maana nilikuuliza nani anapata kazi chafu, maana anayepewa wagonjwa wabaya ataonekana mbaya hata kama ni malaika. Wewe mwenyewe ukanijibu kwa majivuno kwamba uchafu ni wa Mzee. Nikatenganisha. Kazi safi: wewe sitini, wameoza tisa. Yeye thelathini, hakuna. Kazi chafu: wewe ishirini, wawili. Yeye hamsini, mmoja. Popote nikikata, jibu linatoka wewe. Tena unaozesha zaidi walio safi, kwa sababu wachafu wanapewa dawa kali tangu mwanzo na hiyo inawakinga na wewe. Umenielewa? Inawakinga na wewe.

Na sababu naijua. Kidole gumba cha kulia. "Mzima kama chuma cha reli." Uliniandikia hivyo huku una plasta.

Kidole kilitangulia, kuoza kukafuata. Haiwi kinyume. Bado si ushahidi kamili, nakubali. Ushahidi kamili ni kupima usaha wa kucha yako na usaha wa vidonda, tuone kama kijidudu ni kimoja. Ni pamba mbili kwenye vichupa viwili. Dereva yupo hapo.

Usimguse Shangazi. Mwachie Mzee. Na unijibu kwa maandishi, ukubali, nijue umesoma mpaka mwisho safari hii.

Mdogo wako


19 Aprili

Wewe,

Kwa hiyo ndicho ulichokuwa unakitafuta. Umezunguka mwezi mzima na karatasi zangu mwenyewe, unaniuliza habari ya afya yangu kwa sauti ya huruma, ili ufike hapa, ushirikiane na mtandika vitanda.

Miaka kumi na minne nimeshika kisu. Mimi nina kucha, Mzee ana miwani. Mbona hukuhesabu miwani? Vitu viwili vikitokea pamoja si lazima kimoja kimezaa kingine, hata mimi niliyelala nakumbuka hilo. Kidole changu nakiosha kuliko wewe unavyoosha uso.

Shangazi yuko tarehe 24, saa tatu asubuhi, kama ilivyopangwa. Amesema hataki mkono wa mtu mwingine ila wangu.

Usiniandikie tena.

Daktari


13 Mei

Mdogo wangu,

Nilikwambia usiniandikie, ukanitii. Ni mara ya kwanza maishani mwako, na ndiyo siku niliyotaka usinitii.

Nilimpasua. Dakika thelathini na nane. Siku ya nne nikaingia kumwona, nikafunua bandeji, nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Shangazi akaniangalia usoni akasema, "Ni kibaya?" Nikamwambia ni kawaida. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ukuta wa stoo ya mashuka nikivuta pumzi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mzee wa Miwani ndiye aliyemfungua tena na kumsafisha. Hakunisema. Alichukua saa mbili na robo, nami nilisimama nje ya mlango, muda wote huo. Shangazi alikuwa na homa siku kumi na moja. Sasa imeshuka. Anakula.

Pamba nilijichukulia mwenyewe. Moja kutoka kwenye kucha yangu, moja kutoka kwenye tumbo lake. Niliandika vibandiko kwa mkono wangu, nikamkabidhi dereva. Majibu yamerudi wiki iliyopita. Kijidudu ni kimoja, na kinakataa dawa zile zile nne, kwangu na kwake.

Majibu nimempa mganga mfawidhi, pamoja na ile karatasi yako ya wodi. Chuma amerudi kazini juzi. Nilikwenda kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho huku anatandika kitanda. Kisha akasema, "Nimesikia, Daktari. Sogea, umekanyaga shuka."

Sipasui mpaka nipone. Pengine hata baada ya hapo.

Kaka yako


20 Mei

Kwenu wote wawili,

Namwandikisha Sista, mimi nimelala bado, lakini maneno ni yangu na amekatazwa kupunguza hata moja.

Daktari wangu amekuja hapa kitandani, amelia, ameniambia kila kitu, nikamwambia ajipanguse. Nikadhani yamekwisha. Jana Sista akiwa ananifunga kidonda nikamuuliza, huyu binti yetu huko chuoni alijua lini? Akanyamaza. Mimi ukininyamazia najua. Nikamkalia kooni mpaka akasema yote aliyoyasikia kwa dereva.

Kwa hiyo tarehe kumi na saba ulishajua, ewe msomi. Ukamwandikia kaka yako. Akakutukana, ukanuna. Siku saba! Na simu yangu iko hapa, haijazimwa hata siku moja, kila Ijumaa unanipigia kuniuliza habari ya magoti. Ijumaa ile pia ulipiga. Tukaongea magoti.

Tumbo ni la nani? Mlikuwa mnaandikiana juu ya tumbo langu kama watu wanaogombea kiwanja, huyu ana namba, huyu ana kisu, na mwenye tumbo hana habari. Mmoja alinidharau kwa kuniona mimi ni ngiri. Mwingine alinidharau kwa kuniona mimi ni mstari kwenye karatasi. Msidhani wa pili ana nafuu.

Mimi nimepona. Jirani yangu wa kitanda cha dirishani hakupona. Alikuwa fundi cherehani, kapasuliwa tezi tarehe tisa Aprili, shingo ikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Alikufa mimi naangalia, mchana, mumewe ametoka kwenda kumletea uji. Mumewe mpaka leo anadhani ni bahati mbaya.

Nawaagiza. Mtakwenda nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyeozeshwa, wale kumi na mmoja na walioongezeka baadaye, mmwambie kila mmoja kwa midomo yenu kilichomtokea na kwa nini. Mtaenda wote wawili, na mtaanza na huyo mume. Kabla ya hapo sitaki kuona sura ya mtu hapa, na machungwa yenu msilete.

Shangazi yenu


29 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Nilifika kwa basi la asubuhi, kaka akanipokea kituoni. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka jana. Kidole chake kimefungwa, amekonda. Hatukusalimiana sana. Tulikwenda moja kwa moja.

Yule mume ni fundi redio. Ana kibanda cha bati karibu na soko, meza moja, redio zimefunuliwa matumbo, na cherehani ya mkewe iko pembeni imefunikwa kitambaa. Alidhani tumeleta redio. Kaka alijitambulisha. Akamwambia yote, Shangazi, sitamsingizia. Hakusema "hospitali", hakusema "ilitokea". Alisema, "Kidole changu kilikuwa na usaha, niliambiwa nikakataa kusikia, nikampasua mkeo." Yule baba alikuwa ameshika bisibisi. Hakuiweka chini.

Akauliza, "Mlijua lini?"

Kaka akasema, "Sista aliniambia mwezi wa kumi na mbili. Nilimdharau. Mdogo wangu aliniandikia tarehe kumi na saba Aprili. Naye nilimdharau."

Yule baba akanigeukia mimi. "Tarehe kumi na saba mke wangu alishapasuliwa," akasema. "Kwa hiyo wewe huna neno."

Hapo ningeweza kunyamaza. Kaka alikuwa anatazama chini, Sista hajui, wewe hujui. Shangazi, nakuandikia hili kwa sababu nimelisema mbele yake na sitaki ulisikie kwa dereva. Namba za kaka sikuzipata tarehe kumi na saba. Nilizipata tarehe mbili, siku ile ile nilipomaliza zile za wodi. Ilinichukua robo saa. Kumi na moja kwa mmoja, zikanikodolea macho kwenye karatasi. Nilijiambia ngoja kwanza nitenganishe safi na chafu, nisije nikamwonea. Hiyo ni kweli, ndivyo tunavyofundishwa. Lakini kuna kweli nyingine. Nilitaka nimbane asiwe na pa kutokea. Nilitaka siku nikimwonyesha awe hana hata neno moja la kunicheka. Barua yangu ya siku ile nikamwandikia "hiyo bado", nikatabasamu peke yangu, nikalamba bahasha. Ningeweza kumpigia mganga mfawidhi nikamwambia simamisha kwanza, tutamalizia kuhesabu baadaye.

Nikamwambia yule baba, "Mimi nilijua tarehe mbili."

Kaka aliinua kichwa akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo naye, hata tulipokuwa tunapigana utotoni.

"Mbili," yule baba akasema. "Yeye kaingia tarehe tisa." Alihesabu haraka kuliko mimi. "Wiki nzima."

Akatoa karatasi kwenye droo, akatuambia tuandike, tarehe zote, kila mtu ya kwake, na saini. Tuliandika tumeinama kwenye meza yake, katikati ya waya, kwanza kaka, halafu mimi. Akaisoma mstari kwa mstari, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Nikaanza kumwambia pole. Akainua mkono.

"Sogeeni mlangoni," akasema. "Mnanizibia mwanga."

Kesho tunaenda nyumba ya pili.

Mwanao